Nilimwambia shoga yangu "ungekuwa na wako ungejua", na sasa kipupwe kinarudi

Bi Somo, shikamoo.

Masika yanaishia, kusi limeanza kupiga usiku, na kila mwaka wakati kama huu mimi huwa mtu wa furaha tu. Mwaka huu nalala nikijigeuza. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe lina aibu yangu ndani yake.

Nakaa Ngamiani, Tanga mjini, katika nyumba aliyotuachia marehemu mama. Nina miaka 35, nina mume na watoto watatu: mkubwa ana miaka 6, wa pili ana 3, mdogo ana miezi 8. Tuko mashoga wanne tuliokua mtaa mmoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani na kuibiana kalamu shule moja. Mmoja ameolewa Dar es Salaam, mmoja yuko Mombasa, mmoja ni mwalimu Pangani, na mimi ndiye niliyebaki mtaani. Shule zikifungwa mwezi wa sita, wa Dar anakuja na basi, wa Mombasa anavuka mpaka wa Horohoro na watoto wake, na kila Jumamosi ya kipupwe tunakutana kwangu. Tulianza mwaka 2013. Wakati huo hakuna kati yetu aliyekuwa na mtoto.

Ilikuwa raha, Bi Somo. Tukishasali Isha tunatandika majamvi uani, dele la kahawa juu ya jiko la mkaa, mbaazi za nazi na mahamri chini ya kawa, na kapu la machungwa ya Muheza, maana huo ndio msimu wake. Yule wa Pangani ndiye mmenyaji wetu. Anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linatoka utepe mmoja mwembamba bila kukatika, kuanzia juu mpaka kitakoni, kisha analikata kichwa na kukupa ulifyonze. Tulikuwa tunazungumza mpaka saa sita za usiku, siku nyingine saa saba. Shoga wa marehemu mama, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, huja naye akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akatusahihisha tukikosea habari za watu wa zamani.

Sasa watoto wamekuja. Wangu watatu, wa Dar wawili, wa Mombasa wawili, na mkubwa kuliko wote ana miaka 7. Yule wa Pangani hana mtoto. Ameolewa mwaka wa nane huu. Hajatuambia kitu na sisi hatujamuuliza. Watoto wote wanamwita mama mdogo, na yale maganda yake huwavisha shingoni kama mikufu.

Miaka hii miwili mitatu mambo yameanza kuharibika. Hakuna anayemaliza hadithi. Mtu akifungua mdomo, huyu anataka chooni, yule kampiga mwenzake, mwingine kalala juu ya sahani. Mimi naingia jikoni, natoka jikoni, Jumamosi inaisha sijui nani kasema nini. Mume wangu akiona wanawake wameanza kuingia huenda zake barazani kwa wenzake, anasema hayo ni mambo yetu.

Jumamosi ya mwisho mwaka jana upepo ulikuwa mkali uani na watoto walikuwa wanakohoa. Nikaliingiza jiko ukumbini, dele juu yake, nikafunga madirisha. Nilikuwa jikoni nageuza mahamri nikasikia kilio cha mwanangu wa kati, wakati huo ana miaka 2. Kutoka, namwona yule wa Pangani kamshika mkono, kamvuta kwa nguvu, mtoto kaanguka chali. Akanigeukia: "Jamani, angalieni watoto wenu! Siku hizi hapa hatuzungumzi, tunalea tu." Bi Somo, nilikuwa nimechoka, nina mimba ya miezi saba, miguu imevimba. Nikamwambia mbele ya wote, "Ungekuwa na wako ungejua."

Hakujibu. Alikirudisha kisu kwenye kapu, akavaa buibui lake, akamwinamia Bi Mkubwa akambusu mkono, akatoka.

Tangu siku hiyo hajanipigia na mimi sijampigia. Nilipojifungua alituma pesa ya hongera kupitia kwa wa Dar. Niliona haya hata kumshukuru. Mkubwa wangu ananiuliza, "Mama mdogo wa machungwa atakuja lini?" Namjibu kwamba yuko mbali.

Wa Dar anasema mwaka huu tukutane hotelini, watoto tuwaache. Wa Mombasa anasema tusimamishe mpaka watoto wakue. Bi Mkubwa anasema nimwachie, yeye atampigia simu mwenzetu yaishe. Mimi sijui nishike lipi. Niwazuie watoto, au niivunje baraza yenyewe?

Mama wa Watatu, Ngamiani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza habari ya watoto na baraza, na nitakujibu. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika kwenye lile jiko nasimama. Jiko la mkaa limewekwa ukumbini. Dele la kahawa liko juu yake. Mtoto wa miaka 2 anatembea, mama yake yuko jikoni. Mtu mmoja akamrukia mtoto na kumvuta kwa nguvu. Je, uliwahi kumuuliza yeyote aliyekuwamo mle ukumbini mkono wa mtoto ulikuwa umefika wapi? Waulize wa Dar na wa Mombasa leo hii, kabla hujafanya jingine. Mimi sikuwepo, ila mtu anayewavisha watoto mikufu ya maganda ya chungwa hamwangushi mmoja wao chali bila sababu. Naona alikuwa anamtoa motoni.

Ngozi ya mtoto wa umri ule ni nyembamba kuliko yako. Kahawa ambayo ingekubabua wewe mkono, yeye ingemlaza wodini. Na yule aliyeiona hatari hiyo kabla ya wote, alipata jibu gani? Alitajiwa tumbo lake mbele za watu, na Bi Mkubwa akiwa kitini anasikia. Sisemi haya nikuumize. Nayasema kwa sababu katika barua yako umeandika mengi juu ya kelele, chooni na sahani, na lile neno ukalipitisha upesi katikati, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mwanangu, deni lenyewe ndilo hilo. Hata ukipata hoteli nzuri kuliko zote za Raskazone, bila kulilipa mtakaa watatu na kiti kitupu.

Kwa hiyo nenda Pangani. Nenda Jumamosi, shule zikiwa hazijafungwa, ili asidhani umemkumbuka kwa sababu wenzenu wamefika na baraza inataka kutimia. Ni kama kilomita 50 tu, unakwenda na gari la asubuhi na jioni unalala kwako. Mdogo mchukue, maana ananyonya. Wakubwa wabaki na baba yao. Usimbebeshe mtoto wako kazi ya kukuombea radhi, yaani usimtangulize akamrukia mama mdogo wake shingoni kabla hujasema, maana hapo mwenzako hataweza kukasirika hata akitaka, na ana haki ya kukasirika.

Bi Mkubwa mshukuru, lakini mwombe asipige hiyo simu. Wazee huingizwa pale wawili wanaposhindwana, na ninyi hata hamjajaribu. Akimpigia yeye, mwenzako atasema "yamekwisha, mama", kwa heshima ya mzee, na moyoni yatabaki palepale. Kanga pia usipeleke. Najua kwetu pwani kanga husema yasiyosemeka, na najua duka la kanga halikosi jina la kuomba msamaha. Lakini lile ulilisema kwa kinywa chako, na linataka kinywa hichohicho.

Useme nini? Maneno machache. "Nilikwambia neno baya, tena mbele ya watu. Ulikuwa unamwokoa mwanangu na mimi nikakujeruhi. Nimekuja kukuomba radhi." Halafu nyamaza. Usiongeze kwamba ulikuwa na mimba, kwamba ulichoka, kwamba miguu ilivimba. Ni kweli yote hayo, na ipo siku atakuuliza mwenyewe, ndipo utamweleza. Ukiyasema siku hiyo yatageuka kuwa madai. Na umshukuru kwa ile pesa ya hongera. Mtu aliyetukanwa kwa kukosa mtoto, akasikia mtukanaji amejifungua, akatuma hongera: fikiri alimeza nini kabla ya kubonyeza ile simu.

Kisha kuna yale ambayo usiyaguse kabisa. Usimwambie Mungu atampa. Usimtajie mganga wa Muheza wala daktari wa Dar. Usimwambie "wanangu ni wako", hata kama unamaanisha, maana siku ile ulikwisha kumwonyesha kwamba si wake. Wala hujui kama amekuwa akitafuta mtoto au hatafuti, na kama anatafuta hujui kikwazo kiko kwake au kwa mumewe, kwa kuwa kinaweza kuwa kwa yeyote kati yao au kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani mwake. Hesabu nyumba za mtaa wenu uone ni wangapi wanalibeba hilo kimya kila wakija kwenye arusi na arobaini. Akitaka kukuambia, atakuambia. Kazi yako ni kuwa mtu anayeweza kuambiwa.

Huenda akakusamehe palepale mkalia pamoja. Huenda pia akakupa chai, akakusindikiza kituoni na asije Jumamosi hata moja kipupwe hiki. Ukiona hivyo mwache, endelea kumpigia kumjulia hali bila kumtajia baraza.

Sasa tuje kwenye baraza yenyewe. Hotelini msiende. Bei ya vinywaji peke yake itamfanya mmoja wenu aanze kutoa udhuru, na Bi Mkubwa hataacha kiti chake akakae kwenye viti vya plastiki kando ya muziki. Kusubiri watoto wakue nako nakukataa. Aliyekuwa na miezi 8 leo atakuwa na akili ya kukaa na wakubwa baada ya miaka kumi. Baada ya miaka kumi, je, Bi Mkubwa atakuwepo kuwasahihisha? Na hao watoto, kama hawatakua wakiwaona mama zao wanacheka na rafiki zao, wataujulia wapi urafiki wa namna hiyo?

Kinachowaangusha ni saa. Mnaifuata saa mliyoichagua mwaka 2013 mkiwa wasichana. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mwaka 1 au 2 anahitaji 11 hadi 14, pamoja na usingizi wa mchana. Huo ni mwongozo wa mwaka 2019 wa Shirika la Afya Duniani. Mnawakesha mpaka saa sita za usiku halafu mnashangaa kwamba wanapigana na kulala juu ya sahani! Hao hawana utundu, wana usingizi. Isitoshe, mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na baada ya masika madimbwi yamejaa kila uchochoro. Magharibi ikishaingia watoto wanatakiwa wawe ndani, wala si uani wakiwa wamejifunika ncha ya kanga ya mama.

Basi ianzeni alasiri. Mkishasali alasiri, saa kumi, majamvi yatandikwe uani. Kipindi hicho jua la kipupwe halichomi. Jua kwetu huzama haijafika saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mna saa mbili na zaidi kidogo, watoto wakiwa macho na wamelala mchana. Adhana ya magharibi ikilia, mikeka inakunjwa na kila mtu anaondoka na wake. Itakuwa fupi, ndiyo. Lakini utatoka hapo umesikia hadithi mbili nzima, ambazo mwaka jana hukuzisikia.

Halafu chagueni usiku mmoja katika msimu mzima, au miwili mkiweza, ambao ni wenu wanne na Bi Mkubwa peke yenu, kuanzia Isha, kama zamani. Watoto wanabaki na baba zao. Hapa nina neno na shemeji, na umsomee: bwana, unasema hayo ni mambo yao, sawa. Na wewe barazani una mambo yako karibu kila jioni, na hakuna mtoto anayekuvuta kanzu. Mkeo anaomba usiku mmoja katika miezi mitatu. Watoto ni wako, uji unajua unapowekwa, chandarua unajua kinavyochomekwa. Kaa nao. Mdogo anayenyonya atakwenda na mama yake, na mtoto mmoja wa miezi 8 aliyelala kwenye paja la Bi Mkubwa hajawahi kuvunja maongezi ya mtu.

Na wewe mwanangu, toka jikoni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wewe wageni wanakuja unazidi kuugua. Wa Dar alete mahamri, wa Mombasa alete mbaazi, wewe utoe ua, maji na mikeka. Kama mahamri yatakuwa ya kununuliwa kwa mama wa mtaa wa pili, yaliwe ya kununuliwa. Nani kati yao anatoka Mombasa mpaka Ngamiani kwa ajili ya mahamri? Wanamfuata mwenye nyumba, naye kila mwaka yuko mbele ya karai la mafuta, mgongo kawageuzia.

Lile jiko sasa, na hili nalisema kwa ukali. Jiko la mkaa lisiingie tena ukumbini madirisha yakiwa yamefungwa, upepo uwe mkali namna gani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa na kulegea, akadhani ni uchovu, akalala moja kwa moja. Mlikuwa na watoto waliokuwa wanakohoa, nanyi mkawafungia na mkaa. Kahawa ipikwe uani, imiminwe kwenye chupa ya kuhifadhi moto, chupa iwekwe juu ya meza ya Bi Mkubwa, na jiko lizimwe kabla watoto hawajaamka. Ikitokea mtoto akaungua, mvue nguo iliyolowa kama haijagandana na ngozi, mwagie sehemu iliyoungua maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni kituo cha afya. Dawa ya meno msimpake, wala yai, wala asali. Karanga nzima na kashata vilevile vikae mbali na walio chini ya miaka 5, maana humpalia mtoto upesi sana.

Machungwa ndiyo chakula chao. Ila kisu kisihame mkono. Kama mwenzenu hatakuja, msimpe mtu mwingine kazi ya kumenya mkijidai hakuna aliyekosekana. Wakatieni watoto vipande, basi, na mahali pake paonekane kwamba pana mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la mkubwa wako. Ana miaka 6, alikuwepo ukumbini, alisikia. Akikuuliza tena mama mdogo wa machungwa atakuja lini, usimwambie yuko mbali, kwa sababu anajua Pangani ni karibu na anajua kuna kitu. Mkalishe, umwambie mama alimwambia mama mdogo neno baya, na Jumamosi anakwenda kumwomba radhi. Akitaka kukupa chungwa umpelekee, lichukue.

Bi Somo